Muulizeni lita ngapi

Ndugu Mhariri, swali lenu la wiki hii linasema: katika nchi ambayo siasa ya vyama vingi bado ni changa, mpiga kura afanye nini hasa ili achague kwa hoja, asichague kwa rangi, kabila wala dini?

Majibu mengi ya swali kama hili huishia kwenye nasaha. Tupendane, sote Watanzania. Ni kweli, lakini nasaha hiyo haimfai kitu mama wa Bahi au Chamwino, wilaya za Dodoma, aliyeshika karatasi yenye majina mawili asiyoyajua. Atashika lile analolijua: huyu ni mtoto wa fulani, yule katoka upande wa pili wa mlima. Mara nyingi kabila ndiyo taarifa pekee aliyonayo. Anayetaka mama huyo aache kuitumia ampe taarifa nyingine, nayo huandaliwa miezi kadhaa kabla ya kampeni.

Tuanze na rangi, kwa kuwa nchi hii iliwahi kupiga kura kwa rangi kwa amri ya sheria. Katika uchaguzi wa Kura Tatu wa 1958 na 1959, kila mpiga kura wa Tanganyika alilazimika kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Waliopiga kura wenyewe walikuwa wachache, maana ilitakiwa uwe na miaka 21 na, juu ya hapo, kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kinachotambuliwa. TANU, chama kilichopigania uhuru, ilibishana vikali juu ya jambo hili katika mkutano wake wa Tabora, Januari 1958. Nyerere akashinda hoja ya kushiriki, na Zuberi Mtemvu akajitoa kuanzisha chama cha ANC cha Tanganyika.

Matokeo hayakuwa yale waliyoyatarajia wakoloni waliotunga utaratibu huo. Kila rangi ilikwisha kupewa kiti chake, hivyo rangi ikakosa kazi ndani ya karatasi. Mpiga kura aliyekuwa na Waasia wawili mbele yake hakuweza kuwatenganisha kwa Uasia wao. Kilichobaki ni kuuliza nani anataka uhuru wa haraka na nani hautaki. Wagombea waliokuwa wakiungwa mkono na TANU, wa rangi zote tatu, wakashinda. Mwaka 1965, chini ya chama kimoja, jimbo lilipewa wagombea wawili, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine nyumba. Kampeni ziliendeshwa kwa Kiswahili, na ilikatazwa kuomba kura kwa kabila, dini au rangi. Mwaka huo Amir Jamal, mwenye asili ya Kihindi, alichaguliwa Morogoro. Paul Bomani, Waziri wa Fedha aliyejijengea jina kwa wakulima wa pamba wa Usukuma, alishindwa Mwanza.

Sisemi turudi kwenye chama kimoja. Ninachokiona katika historia hiyo ni kwamba wapiga kura hubadili kipimo wanapowekewa swali linalopimika.

Swali linalopimika huanzia kwenye kujua kiti kina kazi gani, na hapa ndipo tunapokosea zaidi. Mgombea uenyekiti wa mtaa katika Jiji la Dodoma akiahidi kugawa viwanja, anaahidi kitu ambacho mwenyekiti wa mtaa hana mamlaka nacho. Ardhi ya kijiji iko chini ya halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wake, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Mji ukipanuka na kijiji kikawa mtaa, mamlaka hayo huondoka. Watu wengi wa pembezoni mwa Dodoma hawakuelezwa badiliko hilo kwa lugha iliyo wazi. Wakaona tu ramani, vigingi na wageni wanajenga, na hasira ikapata jina jepesi: wakuja. Kumbe maswali ya kuuliza yako kwa mthamini na kwa halmashauri: fidia ilikokotolewa lini, kwa bei ya mwaka gani, na nani hajalipwa?

Diwani naye huidhinisha bajeti ya halmashauri na sheria ndogo, ushuru ukiwemo. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulishushwa hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na mzigo usiozidi tani moja ukasamehewa unapotoka halmashauri moja kwenda nyingine. Kwa mkulima wa alizeti au mtama anayepita getini na magunia matano, swali la ushuru lina uzito kuliko lahaja ya diwani. Mbunge hatengenezi barabara. Barabara za wilaya ni za wakala wa serikali uitwao TARURA tangu 2017, barabara kuu na za mkoa ni za wakala mwingine, TANROADS, na mbunge huulizwa alisema nini kwenye bajeti na Mfuko wa Jimbo uligawiwa wapi.

Sasa maji, maana ndiyo hoja kubwa katika kanda hii ya kati yenye mvua ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. “Nitawaletea maji” haipimiki. Ipimeni hivi. Sera ya Maji ya 2002 iliweka kipimo cha vijijini: lita 25 kwa mtu kwa siku, kituo kisichozidi mita 400 kutoka nyumbani, na kituo kimoja kwa watu 250. Chukua kijiji cha watu 3,000. Kinahitaji lita 75,000 kwa siku na vituo 12. Mgombea akisema atachimba kisima, muulizeni kitatoa lita ngapi kwa saa. Akisema 5,000, na pampu ni ya sola yenye saa sita za jua la kutosha, hiyo ni lita 30,000, yaani maji ya watu 1,200. Hao 1,800 waliobaki wanakunywa nini? Na hapo ng'ombe hawajahesabiwa. Ng'ombe mmoja wakati wa kiangazi huweza kunywa lita 30 na zaidi, kwa hiyo ng'ombe 1,000 peke yao humaliza kisima chote. Bila lambo au birika la kunyweshea, wafugaji na akina mama watagombana kwenye bomba moja, na kesho yake ugomvi huo utasimuliwa kama vita ya makabila.

Ukabila mwingi wa vijijini huzaliwa pale pale. Vituo vinavyohitajika ni 12, vimejengwa vitano, na vitano hivyo vimeangukia vitongoji viwili ambavyo kwa bahati vina watu wa kabila moja. Hakuna aliyetangaza kigezo cha kuchagua pa kuanzia. Basi waliokosa hutafsiri wenyewe. Kwa hiyo baada ya “lita ngapi” swali la pili liwe: kitongoji gani kitaanza, na kwa kigezo gani? Jibu zuri hutaja umbali wa sasa na idadi ya kaya. Jibu baya hutaja watu.

La tatu ni uendeshaji. Miradi ya maji hufa mara nyingi kwa mota kuungua na mfuko kutokuwa na fedha za kununua nyingine. Muulizeni mgombea ndoo itauzwa shilingi ngapi, fedha zitakaa akaunti ipi, nani atazisoma mbele ya mkutano, na chombo cha watumia maji kinawajibikaje kwa RUWASA, wakala wa maji vijijini. Katika sehemu za Dodoma na Singida ongezeni swali la kupima maji kabla ya kujenga, kwa sababu kuna visima vyenye chumvi au floraidi nyingi. Kuchimba kisima ambacho watu hawatakunywa ni hasara isiyorudishika.

Hesabu hii inaweza kufanywa kwa jambo lolote. Boma la zahanati lililoishia lenta: linahitaji mabati mangapi, mbao kiasi gani, na nani atalipa mganga likishapauliwa? Mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ule wa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu: vikundi vingapi vya kata hii vilipata, na vingapi vimerejesha? Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024. Mgombea asiyejua hilo hajajiandaa.

Maswali yaandikwe lini? Mkutano mkuu wa kijiji kisheria hukaa kila baada ya miezi mitatu. Chagueni maswali matatu katika mkutano wa mwisho kabla ya uchaguzi, si zaidi. Kumi na mawili hayajibiki, na mgombea mjanja atachagua lile rahisi. Msisubiri kampeni. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2024 kampeni zilikuwa siku saba tu, Novemba 20 hadi 26. Siku saba hazitoshi hata kukubaliana nani aongoze mdahalo. Mdahalo wenyewe uingizwe kwenye ratiba ya kampeni ya msimamizi wa uchaguzi, la sivyo utavunjwa kihalali. Uongozwe na mtu asiye na cheo katika chama chochote, mstaafu anayeheshimika kwa mfano. Kila mgombea apewe maswali yale yale, kwa mpangilio ule ule, dakika zile zile. Watu wawili waandike majibu kwenye daftari la kaunta kisha walinganishe. Asiyefika aandikwe “hakufika”, bila matusi.

Wasikilizeni wanapobadili lugha. Mgombea anayezungumza Kiswahili saa nzima halafu akatupia sentensi moja ya Kigogo au Kirangi, watu wakacheka upande mmoja tu, ombeni itafsiriwe papo hapo. Wazee wasiojua Kiswahili wana haki ya mkalimani, lakini ukalimani hufanywa wazi. Utani wa makabila ni hazina yetu msibani na harusini. Kwenye kipaza sauti cha kampeni hugeuka kuwa dharau, kwa sababu anayetaniwa hawezi kujibu.

Kuna kipimo kingine chepesi. Ondoa jina la mgombea kwenye sentensi yake uone kama kuna kitu kimebaki. “Mimi mtoto wa nyumbani nitawasemea” haibaki na kitu. “Nitapeleka kwenye kamati ya maendeleo ya kata ombi la vituo saba vilivyobaki” inabaki. Tusichanganye hata hivyo: kuuliza kama mtu anaishi hapa ni halali kabisa, na sheria yenyewe humtaka mgombea wa kijiji au mtaa awe mkazi. Anayechota bomba moja nanyi anajua likikauka. Kuuliza alizaliwa na nani ni jambo jingine. Na anayedai “sisi ndio wengi hapa” mwambieni kwamba sensa ya mwisho kuuliza kabila nchini ilikuwa ya 1967. Hana takwimu mkononi.

Dini nayo ifuate njia hiyo hiyo. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 1992 inakataza chama cha kuendeleza kabila, dini, rangi au eneo, na inadai wanachama 200 katika kila mkoa kwa mikoa isiyopungua 10, Unguja na Pemba zikiwemo. Lakini sheria inashika chama. Haishiki minong'ono ya foleni ya maji.

Haya yote yana sharti moja zito: pawepo wa kuchagua. Mwaka 2019 vyama kadhaa vya upinzani vilijitoa katika uchaguzi wa serikali za mitaa vikilalamikia wagombea wao wengi kuenguliwa, mara nyingi kwa madai ya fomu kujazwa vibaya, na chama tawala, CCM, kikatwaa zaidi ya asilimia 99 ya viti. Uwanja ukiwa na mgombea mmoja, hoja haina wa kushindana nayo, na mchuano huhamia kwenye kura za maoni ndani ya chama, ambako wanaopiga kura ni wachache kuliko kijiji kizima na ukoo unahesabika kwa urahisi. Kwa kuwa sheria yetu hairuhusu mgombea binafsi, maswali matatu ya kijiji yapelekwe huko pia, kabla jina halijapita. Na kila mgombea, wa chama chochote, fomu yake isomwe na watu wawili wengine kabla ya kurudishwa: jina lifanane herufi kwa herufi na lililo kwenye orodha ya wapiga kura, sahihi zote ziwepo, nakala ibaki.

Fedha nazo zina njia yake. Mahakama Kuu ilitamka 2006 kwamba takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura wakati wa kampeni, ni kinyume cha Katiba, na 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Chumvi, kanga na nauli ya bodaboda usiku wa kuamkia kura bado hutembea, na mara nyingi hupitia kwa mkubwa wa ukoo, kwa sababu ndiye anayejua nyumba za kwenda. Kijiji chenye maswali matatu yaliyoandikwa humpa mzee huyo jibu la heshima la kukataa: “Tumekwisha kubaliana tutampima kwa yale.”

Baada ya uchaguzi lile daftari la kaunta asiondoke nalo mtu. Likabidhiwe kwa mtendaji, na majibu ya mshindi yaingizwe kwenye muhtasari wa mkutano mkuu wa kwanza, neno kwa neno, na idadi zake: vituo vingapi, kitongoji gani, ifikapo mwezi gani. Mkutano unaofuata, miezi mitatu baadaye, ajenda ya yatokanayo ianze na ukurasa huo.