Tarehe ya Pasaka hupatikanaje, na kwa nini sisi na Waorthodoksi hatulingani?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padri. Mimi ni Mkatoliki wa Kayole, mchumba wangu ni Mworthodoksi wa Riruta. Mwaka 2025 tulisherehekea Pasaka siku moja, lakini 2024 yao ilikuja wiki tano baada ya yetu. Tunataka kufunga ndoa 2027 na wazee wanadai tarehe. Pasaka hupangwaje? Naweza kuihesabu mwenyewe? Halafu kuna wanaosema ni sikukuu ya kipagani.

JIBU: Milele amina. Hilo la upagani tulimalize haraka. Wanaolisema wanalichukua kwenye jina la Kiingereza, Easter, ambalo mtawa Beda wa Uingereza, karne ya 8, alilihusisha na mungu wa kike. Sisi tunasema Pasaka, kutoka Kiebrania pesah kupitia Kigiriki, na hoja yao haina pa kushika. Mayai nayo hayana siri: zamani waamini walifunga mayai Kwaresima nzima, ila kuku hawakufunga kutaga.

Sasa tarehe. Mtaguso wa Nisea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, ulitaka Wakristo wote waadhimishe Jumapili moja. Kanuni iliyotulia baadaye ni hii: Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza unaoangukia tarehe 21 Machi au baada yake. Tarehe 21 Machi inasimama badala ya siku ambayo mchana na usiku hulingana. Kwetu Nairobi hulingana karibu mwaka mzima, kwa hiyo usiitafute angani. Hata mwezi wenyewe usiutafute kwenye programu ya simu. Ndugu zetu Waislamu huuandama mwezi kwa macho. Kanisa lina mwezi wake wa kwenye jedwali, na mara nyingine hupishana na wa angani kwa siku moja au mbili. Mwaka 2019 wengi walikanganyika hapo. Mwezi wa angani ulijaa 21 Machi, lakini jedwali lilikuwa limeuweka siku moja kabla, hivyo tukasubiri mwezi uliofuata na Pasaka ikawa 21 Aprili.

Kuhesabu ni rahisi. Miezi 12 ya mwandamo ina siku 354, pungufu ya mwaka wetu kwa siku 11. Ndiyo maana Ramadhani hurudi nyuma kila mwaka. Mwezi wa Pasaka nao hurudi siku 11, lakini ukitumbukia kabla ya 21 Machi unauongezea siku 30 ili usitoke kwenye majira yake. Anza na 2025: mwezi mpevu wa jedwali ulikuwa 13 Aprili. Toa 11 upate 2 Aprili 2026, siku ya Alhamisi. Jumapili inayofuata ni 5 Aprili. Toa 11 tena: 22 Machi 2027, Jumatatu, na Pasaka ni 28 Machi. Ukitoa tena unapata 11 Machi, haifai, ongeza 30: 10 Aprili 2028, Pasaka 16 Aprili. Njia hii usiivushe 2029, kwa sababu jedwali lina marekebisho yake na 2030 utakosea kwa siku moja.

Kosa la kawaida lipo kwenye huo mwaka 2025. Tarehe 13 Aprili yenyewe ilikuwa Jumapili. Mwezi ukijaa Jumapili, Pasaka husogea hadi Jumapili inayofuata, ndiyo maana ilikuwa tarehe 20. Kosa la pili ni la Jumatano ya Majivu: watu hurudi nyuma siku 40 na kukuta wameangukia Jumanne. Rudi siku 46, maana Jumapili sita za katikati hazihesabiwi katika zile 40.

Mchumba wako anafuata kanuni hiyohiyo kwa kalenda ya Juliasi, iliyo nyuma ya yetu kwa siku 13. Tarehe yao 21 Machi ni 3 Aprili yetu, na jedwali lao la mwezi nalo limechelewa siku kadhaa. Mwezi wetu ukijaa mapema, kama huo wa 22 Machi 2027, kwao bado haujafikia mpaka, wanasubiri mwingine. Kwa hiyo 2027 yao ni 2 Mei. Mwaka 2028 tutakuwa pamoja tena, 16 Aprili.

Kwa harusi yenu basi, Kwaresima yetu inaanza 10 Februari 2027, na yao inaanza 15 Machi, kabla hata yetu haijaisha. Wao hawafungishi ndoa katika Kwaresima Kuu wala katika wiki inayofuata Pasaka, na kwetu parokia nyingi huziepuka ndoa za shamrashamra Kwaresima. Waambieni wazee harusi iwe kabla ya 10 Februari, au kuanzia 9 Mei. Ile nafasi ya katikati, Aprili ambapo sisi tumeshafufuka na wao bado wanafunga, isiwadanganye. Na kabla ya kulipia ukumbi, mwone paroko wako mapema: ndoa ya Mkatoliki na Mworthodoksi inahitaji ruhusa ya askofu.