Muiri na wanafunzi: anzeni na futi kamba, miche baadaye

Klabu za mazingira shuleni hupenda kuanza na miche. Kwa mti wa muiri (Prunus africana), anzeni msituni. Gome lake hutengenezewa dawa ya tezi dume huko Ulaya, na tangu 1995 biashara yake ya kimataifa iko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, lakini miti bado inachunwa hadi inakufa. Mwanafunzi anapaswa kukiona kidonda chenyewe.

Ombeni kibali kwa afisa wa msitu, kisha wagaweni wanne wanne. Kwanza wautambue mti: kikonyo cha jani huwa chekundu-chekundu, na jani likifikichwa hunukia lozi. Wapime mzunguko wa shina mita 1.3 kutoka ardhini. Penye mteremko, upande wa juu. Sentimita 94 ni sawa na kipenyo cha sentimita 30, na mti mwembamba kuliko hapo usichunwe kabisa. Waandike pande zilizochunwa, na kama gome jipya limeanza kuvimba kingoni. Mti uliochunwa pande mbili zinazotazamana, kisu kisifike kwenye mbao, unaweza kupona. Uliochunwa kuzunguka shina lote kwa kawaida hufa, kwa sababu chakula cha majani hushuka mizizini kupitia gome la ndani. Hapo somo la biolojia limeshajifundisha.

Sasa mbegu, ambapo shule nyingi hukwama. Huanikwa juani kama maharagwe, zikawekwa mkebeni hadi muhula ujao, zikafa. Mbegu ya muiri haikai muda mrefu. Chumeni matunda yaliyoiva, mekundu ya zambarau, kutoka miti kadhaa iliyo mbalimbali. Loweka usiku mmoja, sugua nyama yote itoke, tandaza kivulini, panda wiki hiyohiyo kwenye mchanga, kina cha sentimita 1. Huchukua wiki kadhaa kuota, kwa hiyo wakatazeni watoto kufukua. Mche ukitoa majani mawili halisi, uhamishieni kwenye mfuko: udongo wa msitu sehemu 3, mchanga 1, samadi iliyooza 1. Shina likilegea usawa wa udongo, maji yamezidi.

Kitalu hufa likizoni, Agosti na Desemba. Wapangeni wawili wawili wanaokaa karibu na shule, majina yabandikwe mlangoni, na mtungi ubaki palepale. Wazee wa dawa waalikwe mapema, kwa maana wao ndio wanaojua miti ya mbegu iko wapi. Daftari la vipimo libaki shuleni, ili darasa la mwakani lirudi kwenye miti ileile.