Ukiitwa Kuwa Jaji wa Drama, Beba Penseli na Chakula Chako

Wiki jana mwalimu mwenzangu alipigiwa simu ati mwaka huu atakuwa jaji wa michezo ya kuigiza ya shule kwa zoni yao, mara yake ya kwanza, akaniuliza kwa meseji, "Mwalimu, nibebe nini?" Nikamjibu penseli, kifutio na chakula chako. Akanitumia emoji za kucheka. Sikuwa natania, na kwa vile maelezo yalizidi meseji nimeyaweka hapa, labda kuna mwingine ameitwa na anaona haya kuuliza.

Wacha nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza tulikuwa majaji watatu, michezo 11 kwa siku moja, holi ni ile ya kulia chakula na bado inanuka maharagwe ya jana. Mchezo wa kwanza ulianza saa mbili na nusu asubuhi, viti havijapangwa, nusu ya mabasi bado yako njiani, watazamaji kama 30 hivi na wengi wao wanakohoa tu. Kulikuwa na msichana anaigiza nyanya mzee. Amekaa kwenye kigoda anachambua kunde, jani moja moja, majani sufuriani vijiti chini, na mjukuu anamletea habari za mwanawe aliyeenda Nairobi. Nyanya hasemi neno, mikono inaendelea tu. Mjukuu alipofika kwa neno "mochari" mikono ikasimama, sekunde tatu hivi, halafu ikaanza tena, lakini sasa vijiti ndivyo vinaingia sufuriani na majani yanaanguka chini, na yeye hana habari.

Nikaandika kwa karatasi "MIKONO!!" halafu mchezo mzima nikaupa 66. Kwa nini 66? Kwa sababu ulikuwa wa kwanza na niliogopa nikipeana nyingi mapema nitakosa pa kwenda baadaye. Saa kumi na moja jioni, mchezo wa mwisho, holi imejaa mpaka madirishani, wanafunzi wa shule mwenyeji wanapiga meza, nikapeana 83 na tabasamu juu. Matokeo yakasomwa. Nikiwa natoka nikaona mwalimu aliyeelekeza ule mchezo wa kwanza ananijia, nikajua leo naulizwa maksi. Akaniuliza kitu kimoja tu, "Mwalimu, uliona mikono?" Nikasema niliona. Akasema asante, akaenda kuhesabu watoto wake ndani ya matatu yao.

Usiku huo nikasoma noti zangu zote. Kwa ule wa 83 nilikuwa nimeandika "sauti kubwa, watu wamecheka sana." Sasa hiyo ni noti kuhusu watazamaji, sio kuhusu mchezo!

Ndio maana nasema penseli. Maksi za michezo mitatu ya kwanza andika kwa penseli, ukimaliza wa tatu rudi nyuma usome maneno yako na uone kama namba inafanana nayo. Kuna mahali karatasi inachukuliwa kila mchezo ukiisha, hapo muombe jaji mkuu mbaki nazo mpaka wa tatu, asubuhi mapema kabla pazia halijafunguliwa, na mara nyingi atakubali mkishirikiana wote. Na kitu cha pili, maneno kwanza, namba baadaye. Ukianza na namba, maneno yote utakayoandika yatakuwa ya kuitetea ile namba.

Sasa kuna hii ya hesabu ambayo watu wengi hawaifikirii, hata walimu wa hesabu wakikaa kwa ile meza. Sema mko majaji watatu na kuna michezo miwili, A na B. Jaji wa kwanza anampa A 71 na B 69. Wa pili anampa A 70 na B 68. Wa tatu yeye ni mtu wa kupanda na kushuka, anampa A 60 na B 82. Jumlisha. A ana 201, B ana 219. Yaani majaji wawili kati ya watatu waliona A ni bora na bado B ndiye anaenda ngazi inayofuata, ya kaunti ndogo. Hakuna hongo hapo, hakuna mtu mbaya, ni vile tu wale wawili waliogopa kutumia maksi zote wakakaa katikati, kwa hivyo yule mmoja akaamua peke yake bila hata kujua. Siku hizi asubuhi tukinywa chai huwa naomba tukubaliane, mchezo dhaifu kabisa tunaupa ngapi, mzuri kabisa ngapi. Na mwishoni kabla ya kujumlisha kila mtu aandike pia nafasi zake, wa kwanza nani wa pili nani, ili kama jumla inapingana na nafasi tukae chini tuongee. Tunaongea wakati huo, sio kabla. Kabla ya hapo kila mtu na karatasi yake, maana kwa kila meza kuna mzee mmoja mwenye sauti na uzoefu wa miaka mingi, akishasema "huu mchezo haukuwa na kitu" wewe mgeni unajikuta unafuta maksi zako taratibu.

Chakula. Shule mwenyeji pia inashindana, sivyo? Na ndiyo inapika. Mimi sisemi sahani ya pilau itakununua, lakini kuna mwaka tulikula nyama kwa staffroom na mwalimu mkuu akituhudumia kwa mkono wake, halafu saa nane watoto wake wakapanda steji. Nilijikuta nawatafutia mazuri. Wengine nilikuwa nawatafutia makosa. Kwa hivyo beba mkate wako na ndizi, kula saa sita kamili, maana jaji mwenye njaa mchezo wa saa saba anauona mrefu. Na kama kuna shule ulisoma, au ulifundisha, au mke wako anafundisha huko, sema mapema mbele ya wenzako. Usijitoe kimyakimya kwa kuwapa maksi za chini ndio uonekane mwaminifu, hiyo pia ni kuwaonea watoto.

Suala la pesa ni gumu zaidi. Utaona shule imekuja na lori, kuta za plaiwudi, mlango unaofunguka, maleba yameshonwa. Inayofuata ni ya kutwa, wamekuja na leso mbili na benchi. Nimewahi kuona benchi moja likawa gari la matatu, likawa kizimba cha mahakama, halafu wakalibeba mabegani wanne wakiimba na sote tukajua ni jeneza. Ile ya kuta nzuri kila onyesho likibadilika tulikaa gizani tukisikia misumari. Hapo sikuhitaji kuhurumia mtu, benchi lilifanya kazi na kuta hazikufanya. Lakini pia nimeona leso mbili na benchi ambavyo havikufanya chochote, na nikasikia jaji mwenzangu akisema "tuwapandishe kidogo hawa, wametoka mbali." Maksi za huruma zinatoka mfukoni mwa mtoto mwingine.

Lafudhi nayo. Haya mashindano yetu ya shule yalianza 1959, enzi za mkoloni, na kwa miaka mingi Kiingereza ndicho kilitawala steji, na nadhani ile tabia ya kusikiliza matamshi kwanza ilibaki hata Kiswahili kilipoingia. Mtoto wa Mombasa anasikika "fasaha" hata akisoma skripti kama tangazo la mazishi, wa kutoka bara akichanganya r na l holi inacheka. Jiulize tu, huyu mhusika angeongeaje? Na yule soja wa getini wa kila mwaka mwenye lafudhi nzito ya kabila fulani, tafadhali, kile kicheko mwandishi hakukifanyia kazi, alikikopa.

Sitamaliza bila kutaja chifu. Kila mtu aliyekaa kwa hii meza anamjua. Mchezo ni wa dawa za kulevya au mimba za mapema, mambo yamechemka, mwandishi hajui atatokaje, basi dakika ya mwisho chifu anaingia na askari wawili, wote wanashikwa, chifu anatoa hotuba kuhusu mada ya mwaka. Majaji wengi wanapea hiyo maksi za ujumbe. Mimi sipei. Ujumbe ambao haujatoka ndani ya kisa ni tangazo.

Na upande wa pili, mchezo ukichoma wakubwa usiupe zaidi wala usiunyime. Wale wasichana wa shule ya Butere 2013, mchezo wao ulipigwa marufuku mpaka Mahakama Kuu ndio iliwarudisha mashindanoni. Aprili 2025 pale Nakuru, shule hiyohiyo, wasichana walikuta hakuna watazamaji, wakaimba wimbo wa taifa wakatoka, na nje polisi wamerusha vitoa machozi. Watu waliongea siasa tu, mimi nilikuwa nafikiria ile meza ya majaji. Ungewapa ngapi? Mchezo unahitaji mtu wa kuupokea, yule mkohozi wa asubuhi pia anahesabika. Tangu hapo nikikuta holi haina watu naomba tungoje, hata dakika kumi na tano, na nikikataliwa naandika kwa karatasi kwamba mchezo ulichezewa viti.

Kuhusu yale maoni ya kusema mbele ya wote kabla matokeo hayajasomwa, ongea na watoto, usiongee na walimu wao. Taja ulichoona, "wewe uliyekuwa daktari, ulitupa mgongo ukiwa unatoa habari kubwa kuliko zote," inatosha, atarekebisha. Usiseme "ningekuwa mimi ningeweka bahari pale nyuma." Hukuwa wewe. Na mtoto aliyesahau maneno usimtaje kabisa, anajua, basi zima linajua.

Ukimaliza kabidhi karatasi zote, hata za penseli. Halafu ondoka kabla mabasi hayajaanza kuimba, sio kwa uoga, ni vile tu wakishaanza kuzunguka uwanja hiyo barabara haipitiki mpaka usiku.