Fundi wa nchi kavu: yaliyonikuta nilipofunga televisheni botini

Juzi nimepata ujumbe wa kijana wa Kalya, huku kwetu Ziwa Tanganyika. "Shikamoo fundi. Nimeambiwa wewe ndiye unayefunga TV kwenye maboti zikashika. Nina boti ya mbao, nimenunua dishi la sentimita 120, maana la 90 naona ni dogo, boti ikiyumba picha itakatika. Naomba unielekeze pa kulifunga."

Marahaba, mwanangu. Kabla hujatoboa paa la boti yako, lirudishe hilo dishi dukani. Wakikataa kulipokea, mfungie mama nyumbani, atakuombea dua. Botini dishi kubwa ni tatizo kubwa zaidi, na nitakueleza kwa nini, ila kwanza sikiliza nilivyoaibika mimi, maana ujumbe wako umenirudisha mahali ambapo sipendi kurudi.

Nimefunga madishi Kigoma miaka mingi. Mwanga, Gungu, Ujiji, Bangwe, ukiona dishi limetulia juu ya bati halijawahi kuguswa tena, kuna uwezekano mkubwa ni la kwangu. Nasema hivi bila kujisifu. Haya, najisifu kidogo. Ndiyo maana mwenye boti mmoja aliponiita Mei 2025, sikuuliza hata swali moja. Alikuwa amekodiwa kupeleka watu wa mahari kutoka Kibirizi hadi Mwamgongo, kule kaskazini ya hifadhi ya Gombe, siku ya Jumapili tarehe 25. Wanasimba mnaikumbuka tarehe hiyo. Fainali ya marudiano ya Kombe la Shirikisho, Simba na RS Berkane, uwanja wa Amaan, saa kumi jioni. Tulishafungwa mbili bila kule Morocco. Wazee wa mahari wakasema hatutoki bila televisheni. Wengine wakasema mahari ingoje.

Nikafika asubuhi na dishi la 90, kisimbuzi, televisheni ya inchi 32, inveta na betri. Boti ilikuwa imeegeshwa Kibirizi, pua imekwea mchangani, mkia ziwani. Setilaiti niliyoitaka iko digrii 7 mashariki. Sisi Kigoma tuko kwenye digrii 29 na ushee mashariki, kwa hiyo dishi linatazama magharibi, kuelekea Kongo, limeinuka digrii 60 na kitu. Nikalifunga juu ya paa kwa boliti nne, nikakaza, nikaangalia kipimo: ubora 84. Watoto wa ufukweni wakapiga makofi. Nikapewa soda. Nahodha, mzee mmoja mwenye kofia ya ukindu na kiredio cha betri kifuani, alinitazama akauliza, "Fundi, na tukigeuka?" Nikacheka. Nikamwambia, "Mzee, hili nimelikaza."

Tulisukumwa majini saa tisa na nusu. Boti ikarudi nyuma, ikageuza pua kwenda kaskazini. Dishi langu lililokuwa linatazama Kongo sasa likawa linatazama Ilagala, kusini. Picha ikaganda kwenye uso wa mtangazaji akiwa mdomo wazi, halafu kioo kikawa cha bluu.

Nikapanda juu ya paa. Hapo ndipo nilipokaa tangu mpira uanze. Nililegeza boliti, nikalishika dishi kwa mikono miwili kama mtu anayeshika mbuzi wa kuchinja, nikawa naligeuza. Chini wanapiga kelele: "Imekuja! Imeenda! Hapohapo! Aah, fundi!" Ilikuwa msimu wa upepo wa kusi, mawimbi yanatusukuma kwa nyuma, boti inalala kulia, inaamka, inalala kushoto. Ikishika ni sekunde mbili. Kisimbuzi chenyewe kinahitaji sekunde kadhaa kujipanga kabla hakijaonyesha kitu, kwa hiyo hata nilipopatia, kilipokuwa kinaamka sisi tulishahama.

Dakika ya 17 Joshua Mutale akafunga. Tulijuaje? Kiredio cha nahodha. Mzee alikiinua juu na mkono mmoja uko kwenye usukani, boti nzima ikalipuka, watu wakarukaruka mpaka maji yakaingia. Mimi niko juu ya paa nimekumbatia dishi. Mzee akanyanyua uso akasema, taratibu, wala hakuwa na hasira, "Fundi, teremka. Wewe ni fundi wa nchi kavu."

Nikateremka. Berkane wakasawazisha dakika za nyongeza, kombe likaenda, na kuna mama mmoja hadi leo tukikutana soko la Mwanga ananiambia ni mimi niliyeleta mkosi. Malipo yangu yalikatwa nusu. Hilo la malipo nimesamehe. Jina la "nchi kavu" lilifika Kigoma kabla yangu.

Sasa turudi kwenye dishi lako la 120. Setilaiti iko juu ya ikweta umbali wa kilomita 35,786. Dishi la sentimita 90 linaiona kupitia kitundu cha digrii kama mbili tu. Ukitoka katikati kwa digrii moja, ubora unashuka. Ukizidi hapo, kioo cha bluu. Dishi likiwa kubwa, kitundu kinazidi kuwa chembamba. La 60 linasamehe zaidi kuliko la 120, na hata hilo la 60 halisamehi boti, kwa sababu boti ikipigwa na wimbi dogo tu inalala digrii tano, kumi. Ukubwa wa dishi unasaidia mvua ikinyesha. Kuyumba hausaidii.

Kuna setilaiti nyingine, ya digrii 36 mashariki, ambayo kwetu iko karibu utosini, digrii 80 hivi kutoka upeo wa macho. Hiyo nilidhani ndiyo dawa. Na kweli, kwa kuwa iko juu ya kichwa, boti ikigeuka kidogo pua haiikimbii haraka kama ile ya magharibi. Lakini boti ikilala ubavu, imekwenda. Nililijaribu Juni pale bandarini, nikapata dakika nne mfululizo, nikaanza kujipongeza, ikapita boti nyingine na mkondo wake. Basi.

Mtaniambia kuna madishi ya meli, yale yaliyofunikwa kwa kuba jeupe, ndani kuna mota zinazolizungusha dishi boti inavyocheza. Yapo. Bei yake unaweza kuingia dukani ukatoka na injini. Na kabla hujauza shamba la michikichi, jua kwamba mengine hayawezi kutazama juu kabisa kiasi cha utosini, yametengenezwa kwa bahari za Ulaya ambako setilaiti inakaa chini. Tajiri mwenye hoteli anunue. Wewe wa dagaa, niachie.

Kilichonitoa ni antena. Ile ya kawaida, ya kisimbuzi cha antena, ambayo mafundi wa madishi tunaidharau. Nayo nilianza vibaya: nikaweka ile ndefu yenye miiba kama mfupa wa mgebuka, inashika vizuri sana ikielekezwa mnara, boti ikigeuka inageuka nayo. Nikarudia kosa lilelile kwa chombo kingine! Nikahamia ile ya duara, inayopokea pande zote. Inapokea kidogo kuliko ya miiba, ila haijali pua ya boti iko wapi. Nikaipandisha juu ya mti wa mita nne juu ya paa, busta pale pale juu karibu na antena, si chini karibu na televisheni, maana busta ya chini inakuza na uchafu ulioingia njiani.

Ndani ya ghuba ya Kigoma inashika. Ukipita kuelekea Gombe ukaambaa chini ya milima, inakufa, mlima umekaa kati yako na mnara. Nahodha wengi wanadhani ukitoka nje ziwani ndiyo unapoteza kabisa. Mara nyingi ni kinyume: ukitoka nje kiasi, kivuli cha mlima kinaachana nawe, picha inarudi. Antena juu, mlima mbali. Nitalirudia hili mpaka mnichoke: antena juu, mlima mbali.

Lakini kuna jambo lililonisumbua kuliko yote, na hili hata sasa naona mafundi wenzangu wanalaumu kisimbuzi. Mvuvi mmoja wa Katonga alinifungisha televisheni kwenye boti yake ya dagaa. Mchana inashika, safi. Usiku wakiwa kazini, hakuna kitu. Nikabadilisha waya, nikabadilisha busta, nikabadilisha kisimbuzi kwa pesa yangu. Usiku wa tatu nikaenda nao ziwani. Tumekaa gizani, taarifa ya habari inasoma vizuri. Wakawasha taa za kuitia dagaa. Picha ikavunjika vipande, sauti ikakatakata, kimya.

Mnajua siku hizi karabai zimepungua, wengi wanatumia balbu za LED na betri. Zile balbu za bei rahisi zina kidude ndani cha kupunguza umeme, na kidude hicho kinapiga kelele ya mawimbi. Sikio halisikii, antena inasikia. Nikawaomba wazime moja moja. Walininung'unikia, dagaa walikuwa wameanza kupanda. Ya kwanza, bado. Ya pili, bado. Ya tano, ile iliyofungwa kwenye mti mmoja na antena yangu, wakaizima na msoma habari akarudi katikati ya sentensi. Nilipiga kelele mwenyewe kama nimefunga goli.

Kwa hiyo: waya wa antena usitembee pamoja na waya wa taa. Televisheni iwe na betri yake. Tafuta televisheni ya volti 12 uachane na inveta, inveta za bei rahisi nazo zina kelele zake. Na vile vipete vyeusi vinavyokuwa kwenye waya za kompyuta za zamani, usivitupe. Kivishe kwenye waya wa taa karibu na balbu, kinameza sehemu ya kelele. Mimi ninavyo debe zima. Halafu viungo vya waya: funga kwa mpira, paka grisi. Maji ya ziwa letu hayana chumvi kama ya Dar, lakini shaba haijali, miezi miwili inakuwa ya kijani na utaambiwa fundi mbovu.

Vijana, na hapa nasema na nyie mnaojiita mafundi baada ya kufunga dishi mbili kwa shemeji: acheni kukabidhi kazi mkiwa mmeegesha. Nenda ziwani nayo. Geuka nayo. Washa kila taa, washa na injini. Mteja akikuuliza "na tukigeuka?", usicheke. Kijana wa siku hizi akiulizwa swali na mzee anaona anadharauliwa, kumbe anapewa dawa bure. Na mteja naye alipe fundi siku ya majaribio, asidhani ni matembezi.

Na dishi? Dishi nalitumia bado, ila nimeliacha linapopenda kukaa. Agosti 22, robo fainali ya CHAN, Taifa Stars na Morocco, mwenye boti yule yule alinipigia. Alikuwa anapeleka mzigo Mwamgongo, analala huko. Safari hii nilichukua dishi la 60, miguu mitatu ya chuma, mawe mawili ya kukandamizia na waya mita 30. Tulipofika nikasimika dishi ufukweni, kwenye kokoto, nikampa mtoto mmoja kazi ya kufukuza mbuzi. Waya nikaupitisha juu ya mti wa kuanikia nyavu, nikauachia ulegee ili boti ikicheza isiukate, ukaingia botini. Boti ilicheza usiku kucha na picha haikutikisika. Kijiji kizima kilikuja, wengine wamesimama majini mpaka magotini. Tukafungwa moja bila, Morocco tena, lakini kila mtu alikiona kile kigoli kikiingia, hakuna aliyehitaji redio.

Nahodha alikuwepo, kofia ile ile. Hakusema kitu kuhusu mambo ya Mei. Watu walipotawanyika alinisogelea, akavua kile kiredio kifuani, akanipa. "Fundi, tangu waniwekee hizi taa mpya inakwaruza. Hebu itazame."

Nikatoa kipete kimoja mfukoni.

Kijana wa Kalya, nitumie picha ya paa lako, na unionyeshe waya za taa zinapita wapi. Unipigie kabla hujatoboa.