Tucker na gari yake ya taa tatu: maswali yenu na majibu yangu

Haya jamani, tangu niwaambie mtafute ile filamu ya Tucker: The Man and His Dream maswali hayakomi. Kwa wale hawajaiona, ni ya 1988, ameiongoza Francis Ford Coppola, George Lucas amemsimamia upande wa utayarishaji, na Jeff Bridges ndiye aliyecheza Preston Tucker, yule Mmarekani aliyetaka kuunda gari jipya kabisa akapambana na makampuni makubwa ya Detroit. Mimi hii filamu naipenda sana na nimeona wengi wenu imewagusa, kwa hivyo leo nayajibu moja baada ya jingine.

Stori ni ya ukweli ama wamepika? Na kama ni ya ukweli mbona sijawahi kuona gari yaitwa Tucker, na hapa Mombasa hakuna aina ya gari isiyopita bandarini? (Kisauni)

Ni ya ukweli ndugu yangu. Tucker alizaliwa 1903 huko Michigan, na vita vya pili vya dunia vilipokwisha 1945 aliona kitu ambacho kilikuwa wazi kabisa, kwamba Wamarekani wana kiu ya magari manake tangu 1942 viwanda vilikuwa vimesimamishwa kutengeneza gari za raia vikawa vyatengeneza vifaru na ndege, halafu amani iliporudi makampuni makubwa yakatoa modeli zilezile za kabla ya vita, yamezigusagusa kidogo tu sura. Yeye akasema nitawaletea gari ya kesho. Akapata kiwanda kikubwa ajabu Chicago, kile kilichokuwa chatengeneza injini za ndege za vita za B-29, akauza hisa kwa wananchi wa kawaida akakusanya kama dola milioni 17.

Mbona hujaiona sasa. Sababu zilizotoka ni 51 tu, ukihesabu na ile ya kwanza ya mfano. Na nyingi bado zipo, 47 hivi, lakini ziko kwenye makumbusho na kwa matajiri, Coppola na Lucas wenyewe wamo.

Mimi ni fundi, gereji yangu iko Changamwe. Nasikia injini ilikuwa nyuma, tena ya helikopta. Hilo nakataa mpaka unieleze.

Usikatae fundi, keti nikueleze, hapa ndipo patamu.

Injini nyuma si ajabu, tuktuk zote unazotengeneza hapo gereji injini iko nyuma chini ya abiria na zapanda kilima zikirudi. Ajabu ni ukubwa. Tucker mwanzo alitaka injini ya inchi za ujazo 589, yaani lita tisa na zaidi, na valvu zake, ile milango midogo ya kuingiza hewa na kutoa moshi, hazikuwa zafunguliwa na kamshafti, yaani ule mtaimbo unaozungukia ndani ya injini, zilikuwa zafunguliwa na presha ya oili. Sasa wewe fundi waijua shida yake hata sijamaliza sentensi: injini ikiwa imelala hakuna presha, hakuna presha hakuna valvu, kuiwasha ikawa ni kazi mpaka umeme wa volti 24 na kelele ya kutisha. Siku ya kuonyesha gari kwa umma, Juni 1947, watu maelfu wamejaa kiwandani, bendi ikaambiwa ipige muziki kwa nguvu kufunika huo mngurumo, na tena gari yenyewe haikuwa na rivasi, yaenda mbele tu. Hayo ni ya kweli, filamu haikuongeza chumvi hapo.

Ndio baadaye wakaiacha wakachukua injini ya Franklin, lita 5.5, silinda sita zimelala tatu upande huu tatu upande huu, iliyokuwa imetengenezewa helikopta. Ilikuwa yapozwa kwa hewa, wao wakaibadilisha ikawa ya maji, ikatoa nguvu za farasi 166, na Tucker alivyoipenda akainunua kampuni nzima iliyokuwa yaitengeneza. Giaboksi nayo mwanzo walikwenda kutafuta kwenye gari kuukuu za Cord, kwa sababu Cord ilikuwa yavutwa na magurudumu ya mbele, kwa hivyo giaboksi na difu, ile inayogawa nguvu kwa magurudumu, ziko pamoja, unaichukua vilevile unaiweka nyuma na injini yako. Yaani mitumba! Kiwanda kikubwa namna ile na bado watu wanazunguka kwa wauza spea kuukuu kama sisi hapa, na hilo mimi sioni aibu yake, naona ni akili.

Sasa usalama. Taa ya tatu iko katikati ya pua, ukikata usukani kupita digrii 10 nayo yageuka ikuonyeshe kona. Dashibodi imewekwa sponji ili ukigonga kichwa usipasuke. Kioo cha mbele kimetegwa kwamba kikipigwa kwa nguvu chatoka chote kwenda nje badala ya kukukata uso. Na hii haikuwa maneno ya brosha, mwaka 1948 walikuwa wakizijaribu kule Indianapolis gari moja ikapinduka kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 140 kwa saa, dereva akatoka na michubuko, na kioo kilitoka vilevile kilivyokusudiwa.

Kitu kimoja chaniuma. Mikanda ya usalama ilikuwa kwenye mpango, ikaondolewa, wakubwa wa kampuni wakasema ukiweka mkanda mteja atadhani gari ni hatari. 1948 hiyo! Sisi hapa mikanda kwenye matatu ilikuja na sheria za waziri Michuki 2004, na mpaka leo kuna abiria wa kwenda Mtwapa akiambiwa funga mkanda anaona ametukanwa.

Kwa hivyo Ford, GM na Chrysler ndio waliomuangamiza? Nataka jibu la moja kwa moja. (Mji wa Kale)

Jibu la moja kwa moja ni kwamba filamu imekupa nusu.

Kwenye filamu kuna seneta, Homer Ferguson wa Michigan, amechezwa na Lloyd Bridges ambaye ni baba mzazi wa Jeff Bridges, na huyo ndiye mkono wa Detroit ndani ya serikali. Ferguson alikuwa mtu wa kweli, na Tucker mwenyewe aliamini mpaka mwisho kwamba amefanyiwa njama. Lakini ushahidi wa makampuni hayo kukaa chini na kupanga haujawahi kuwekwa mezani ukatosheleza, na mimi siwezi kukwambia kitu kwa sababu tu napenda kiwe kweli.

Kinachojulikana ni hiki. Tucker alikuwa hana pesa za kutosha na akawa azitafuta kwa njia zilizowafanya wasimamizi wa soko la hisa wakunje uso. Aliuza haki za uwakala kabla hakuna gari. Halafu akaja na mpango mwingine, ukitaka kuwa wa kwanza kwenye foleni ununue kwanza vikorombwezo, redio, vifuniko vya viti, masanduku, vya gari ambayo haijazaliwa. Mimi nikiwa mkaguzi ningeuliza maswali, na wewe pia ungeuliza. Kama mtu angekuja leo hapa Mwembe Tayari akatuuzia viti vya basi ambalo liko kichwani mwake tungemfikisha polisi siku hiyohiyo.

Lakini kuuliza maswali ni kitu kimoja, na kumwaga siri za uchunguzi kwa magazeti kabla mtu hajashtakiwa ni kitu kingine kabisa. Ripoti ilivuja. Hisa zikaanguka, wenye kudai wakaja wote kwa pamoja, kiwanda kikafungwa, wafanyakazi wakaenda nyumbani, na wakati huo hakuna jaji aliyesema neno. Kesi ilianza Oktoba 1949 na tarehe 22 Januari 1950 baraza la mahakama, wale raia wanaokaa kuamua kesi, likasema hana hatia, kila shtaka, yeye na wenzake wote. Hana hatia na hana kiwanda. Hapo ndipo hasira yangu ilipo, kuliko kwa hao watu wa Detroit: mtu alihukumiwa na tuhuma, na korti iliposafisha jina lake hapakuwa na kitu cha kurudi kukifanya. Filamu ingekaa zaidi hapo kuliko kututafutia adui mmoja mwenye uso mbaya, ingekuwa kali zaidi.

Ile hotuba yake kortini ilinitoa machozi. Aliisema kweli? (Likoni)

Pole dadangu, hakuisema. Kwenye kesi ya kweli mawakili wake hawakuita shahidi hata mmoja, waliinuka wakasema hakuna kosa lililothibitishwa kwa hivyo hakuna cha kujitetea, wakaketi. Ukifikiria sana hiyo ni jeuri kubwa kuliko hotuba yoyote, lakini kwenye skrini mtu kuketi hakuvutii. Na pia mambo ya miaka kadhaa wameyabana yakaonekana kama mwaka mmoja. Machozi yako hayakwenda bure lakini, yale aliyosema mule, kuhusu mtu mdogo mwenye wazo kufungiwa mlango, ndiyo Coppola aliyokuwa ayasema moyoni mwake, babake mwenyewe aliweka pesa zake kwa Tucker, na filamu ameiweka kwa ajili ya mwanawe Gian-Carlo aliyependa magari na akafariki 1986.

Naweza kuiangalia na watoto? Wa kwangu ni miaka 9 na 12. (Bamburi)

Bila wasiwasi mama. Matusi kidogo sana, hakuna damu, na familia ya Tucker yapendana mpaka raha. Yule wa 9 huenda akasinzia sehemu za korti.

Iko ya DJ, ile yenye mtu wa kutafsiri kwa Kiswahili? (Majengo)

Sijaikuta kwenye movie shop yoyote. Lakini Kiingereza chake ni chepesi na gari zenyewe zaongea. Zile unazoziona nyingi ni Tucker za kweli kabisa, wenyewe walizikopesha.

Kuna nyingine ya namna hii lakini mvumbuzi akashinda? (Tudor)

Iko, na utaniambia wewe kama ni kushinda. Yaitwa Flash of Genius, ya 2008, Greg Kinnear amecheza Robert Kearns, mwalimu wa chuo kikuu huko Detroit aliyevumbua ile waipa ya kupangusa mara moja, yatulia, yapangusa tena. Mwaka 1953 usiku wa harusi yake kizibo cha chupa kilimruka jichoni, jicho likabaki halioni vizuri, na baadaye akawa ajiuliza mbona kope hufunga na kufungua kwa vipindi na waipa haziwezi. Akaunda kwa transista, kapasita na rezista, vitu vya kununua dukani, miaka ya sitini akawaonyesha Ford, wakamtazama wakamuuliza maswali kisha wakamwambia hawamhitaji tena, na mwaka 1969 Ford wakatoa gari zenye waipa za vipindi.

Akawashtaki 1978. Kesi ikafika mbele ya baraza 1990, miaka 12 hiyo, akalipwa kama dola milioni 10, halafu Chrysler naye akaja kumlipa kama milioni 30 baada ya rufaa, na kesi hiyo ya Chrysler aliisimamia mwenyewe kwa kiasi kikubwa. Hayo ndiyo ya kushinda. Ya kupoteza: ndoa ilivunjika, akili ilimchoka mpaka akalazwa, na miaka yake bora yote ikaisha kwenye mafaili. Alifariki 2005.

Kuna sehemu moja kwenye filamu lazima uione, wakili wa upande wa pili aleta mtaalamu kusema hakuna uvumbuzi hapa, vipande vyote vilikuwepo. Kearns achukua riwaya ya Dickens auliza, neno gani humu mwandishi alilibuni yeye? Mimi nilisimamisha nikairudisha. Na masika haya ukiwa Nyali Bridge mvua ya rasharasha, ukigusa ile waipa iwe ya polepole, mkumbuke huyo mzee.

Mimi ni kijana wa Mikindani nimeunda kifaa cha kuzuia tuktuk isiibiwe, chafanya kazi. Kuna kampuni yataka nikiache kwao "wakijaribu". Baada ya hizi filamu naogopa. Nifanye nini?

Mashallah mwanangu, na vizuri umeogopa mapema. Usikiache. Sio kwamba nasema ni wezi, siwajui, lakini Kearns naye alikuwa na watu wanaotabasamu.

Kwanza andika kila kitu, michoro, tarehe, mabadiliko, hata yale yaliyofeli. Pili, nenda KIPI, ndio ofisi ya serikali inayosajili uvumbuzi, uulize kama kifaa chako kinastahili hataza kamili (patent), ambayo ni miaka 20, au ile hati ndogo ya modeli ya matumizi (utility model) ambayo ni miaka 10. Kwa kifaa kama chako, ambacho ni kuboresha vitu vilivyopo, hiyo ndogo mara nyingi ndiyo yafaa na si ngumu kama ile kubwa. Ujue pia ya Kenya yakulinda Kenya tu, wenye kutaka nchi nyingine za Afrika kuna ARIPO, shirika la nchi kadhaa za Afrika la kusajili uvumbuzi, ofisi yake iko Harare. Peleka maombi kabla hujakionyesha kwenye maonyesho wala kukirusha TikTok, hata kama vidole vyawasha.

Tatu, ukishawasilisha, hiyo kampuni ikitaka kuona waje waone ukiwa hapo, na waweke sahihi karatasi ya kutunza siri. Wakikataa kutia sahihi, hilo nalo ni jibu.

Nne ni ya Tucker. Usichukue deposit za madereva kwa vifaa ambavyo hujavitengeneza, hata wakikubembeleza, hata kama pesa imekwama. Tengeneza vitano, uza vitano, tengeneza kumi. Halafu ukipata namba ya maombi yako KIPI nitumie picha ya hicho kifaa nikione, na usinitumie kabla.