Kulala Hemani Matema na Watoto Wadogo

Mama mmoja wa Iringa ameniandikia akiuliza kama ni busara kuwapeleka watoto wa chini ya miaka mitano kulala hemani Matema, wilayani Kyela, kando ya Ziwa Nyasa. Namjibu kwamba ni busara, mradi wazazi wakubali kuwa safari hiyo ni ya watoto, na kwamba kazi zote za maana zimalizike kabla jua halijazama.

Sisi tulitoka Mbeya mwezi Juni, masika yakiwa yamekwisha kule Kyela. Wifi yangu alisema mbele ya wageni kwamba nawapeleka watoto wa kaka yake wakawe chakula cha mbu, na maneno hayo hayajanitoka moyoni mpaka leo, ingawa hofu yake ilikuwa na msingi. Jiji la Mbeya liko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ilhali ziwa liko chini ya mita 500, kwa hiyo mtoto aliyekulia kwenye baridi yetu huteremka huko mwili wake ukiwa haujaizoea malaria. Ndiyo maana tulitundika chandarua chenye dawa ndani ya hema, pamoja na wavu wa hema lenyewe, na kila jioni watoto walivikwa mikono mirefu kabla giza halijaingia.

Njiani sina la kusimulia zaidi ya ndizi za Tukuyu na mtoto wa pili kutapika.

Tulifika mapema mchana, na hapo ndipo maandalizi yetu yalipoonekana. Vigingi vya chuma hung'oka mchangani kama jino bovu, hivyo mume wangu alijaza mchanga kwenye mifuko ya salfeti, akafunga kamba katikati ya kila mfuko, akaifukia kwa kina cha goti kisha akashindilia kwa miguu. Usiku upepo ulipovuma, hema letu lilitikisika tu, wakati vijana waliopiga kambi jirani yetu walikuwa wamelishika lao kwa mikono saa tisa za usiku. Wanangu hawakuamka hata mmoja, na sioni sababu ya kuficha kwamba nilijivunia.

Kuhusu kuoga, maji yale yasiyo na chumvi huwadanganya watu wakadhani hayana madhara. Konokono wanaobeba kichocho hupenda maji yaliyotulia penye majani na matete, kwa hiyo wanetu waliogea penye mchanga mtupu na mawimbi, mbali na mlango wa mto, ambako mamba ni wa kuogopwa. Mtu mzima mmoja alipangiwa zamu ya kuwatazama, bila simu mkononi.

Jumamosi tulikuwa tumepanga kukodi mtumbwi, lakini watoto walinasa kwenye soko la Lyulilo, wakitazama vyungu vya akina mama wa Kikisi kutoka Ikombe vikifunguliwa majani yaliyovikinga visivunjike njiani. Binti yangu alibisha kila chungu kwa kidole, akasikiliza mlio wake, kisha akaenda kingine. Tuliuacha mtumbwi. Wazazi tunapenda mno ratiba. Tunamburuta mtoto kutoka kivutio hadi kivutio ili tupate picha, kisha tunamwita msumbufu akilia. Mwacheni mtoto achoshwe na jambo moja kwanza! Wala msisubiri ndugu wote waridhie ndipo mtoke, kwa maana hawataridhia.

Mkisharudi Iringa, homa yoyote katika wiki zinazofuata ipimwe malaria siku hiyohiyo, na mhudumu aelezwe kwamba mlikuwa Kyela, kwa kuwa dalili huanza siku 7 au zaidi baada ya kuumwa na mbu. Kipimo cha kichocho kinaweza kungoja miezi miwili au mitatu, kwani kikifanywa mapema mno huenda kisionyeshe kitu.