Mdomo umemaliza, mwili bado: kuchanganya ushauri nasaha na yoga

Wanaojua kwamba nimepitia ushauri nasaha na kwamba nafanya yoga huniuliza swali lile lile: kipi hasa kilikusaidia? Wanataka nichague kimoja, wapate kuokoa muda na fedha. Huwa siwachagulii. Kwa upande wangu, kila kimoja peke yake kilinifikisha nusu ya njia, na mambo yalianza kusogea pale ambapo mshauri wangu alijua ninachofanya kwenye mkeka, na mwalimu wa yoga akajua kwamba nina mshauri.

Nianze na ushauri wenyewe. Nilifika mahali nikawa naijua habari yangu kwa moyo. Nilikuwa naieleza kwa mpangilio: nani alisema nini, lini, na kwa nini nilijibu vile. Lakini simu ikiita usiku, mabega yanapanda hadi masikioni na tumbo linakaza kabla sijatazama hata anayepiga ni nani. Akili inaelewa kabisa kwamba msiba ulionipata umepita. Tumbo halina habari.

Hili lina sababu. Kuna neva ya vagasi, ile inayotoka kwenye ubongo ikapita shingoni, ikagusa moyo, mapafu na utumbo. Takriban asilimia 80 ya nyuzi zake hubeba taarifa kutoka kwenye viungo kwenda kwenye ubongo, na zinazoshusha amri ni chache. Kwa hiyo kumwambia mtu mwenye wasiwasi "tulia" ni kazi bure, hata anapojiambia mwenyewe. Ukipunguza mwendo wa pumzi, hasa ukiitoa taratibu kuliko ulivyoivuta, mapigo ya moyo yanashuka bila kusubiri kushawishiwa. Watafiti wengi wa pumzi hutumia mwendo wa kama pumzi sita kwa dakika. Usijilazimishe kufika hapo siku ya kwanza. Ukiona unakosa hewa, umeharakisha.

Siku iliyonifungua macho wala haikuwa ya yoga. Nilikuwa kwa mshauri, naeleza jambo ambalo nilidai limeshaniishia. Akanikatiza katikati ya sentensi: "Mkono wako wa kushoto unafanya nini sasa hivi?" Nikautazama. Ulikuwa umekamata pindo la shati, kidole gumba kimebanwa ndani ya ngumi. Hakuniambia niachie. Alisema nikaze zaidi kidogo, polepole, kisha nilegeze nusu tu, nione kinachofuata. Kilichofuata ni hasira. Muda wote ule nilikuwa nikiongelea huzuni, na huzuni ilikuwepo kweli, ila mkono ulikuwa na mashtaka yake ambayo hayakuwahi kupewa nafasi kwenye maneno.

Tangu hapo nikaanza kupeleka mambo ya mwili kwenye kikao. Hiki ndicho ninachokushauri kwanza, hata kabla hujatafuta darasa la yoga. Ukimaliza mazoezi, andika mistari miwili mitatu: wapi palikaza, pana hisia gani (joto, uzito, ganzi, mtetemo), na wazo gani lilipita. Usitafsiri. Ukianza kuandika "hii ni kwa sababu ya mama," umeshaanza kusimulia, na kusimulia tayari unakujua. Mpelekee mshauri ile mistari mibichi, mtaichambua pamoja.

Ushahidi kwamba yoga husaidia upo, ingawa si wa kutangazia miujiza. Mwaka 2014 Bessel van der Kolk, daktari wa magonjwa ya akili nchini Marekani, na wenzake walichapisha utafiti wa wanawake 64 wenye msongo wa baada ya kiwewe (PTSD, yaani ugonjwa wa kuendelea kuteswa na tukio baya lililokwisha pita) uliokuwa umekataa kupona kwa tiba walizokwisha kupata. Kundi moja lilifanya yoga iliyoandaliwa kwa ajili ya watu wenye kiwewe kwa wiki 10, jingine likapewa masomo ya afya. Mwishoni, asilimia 52 ya waliofanya yoga hawakuwa tena na vigezo vya ugonjwa huo, dhidi ya asilimia 21 ya wenzao. Ni matokeo mazuri, ila kundi ni dogo, na karibu nusu ya waliofanya yoga bado walibaki na ugonjwa. Utafiti huo pia uliiweka yoga kama nyongeza ya matibabu. Ukisikia mtu anasema yoga imemfanya aache dawa ghafla, usimwige. Suala la dawa ni lako na daktari wako.

Sasa, si kila yoga inamfaa mtu mwenye jeraha la moyo. Watu wengi hudhani sehemu ngumu ni mikao. Kwa wengine wetu sehemu ngumu ni ule mwisho, unapolala chali, taa zimezimwa, umeambiwa ufumbe macho na upumzike. Mimi hapo ndipo moyo ulikuwa unaenda mbio. Mwalimu mmoja aliponiona nimekunja uso aliniambia kwa sauti ya kawaida tu kwamba naweza kufumbua macho, kugeuka ubavu, au kukaa nimeegemea ukuta. Nikakaa ukutani, nautazama mlango. Nilifanya hivyo kwa muda mrefu sana na hakuna aliyenisumbua.

Pumzi za kasi, zile za kusukuma hewa kwa nguvu, ziache kabisa kama una mashambulizi ya hofu, kwani huweza kukuletea dalili zile zile unazozikimbia: kizunguzungu, vidole kufa ganzi, kifua kubana. Mikao ya kichwa chini miguu juu nayo ina masharti yake. Mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa au glakoma (ugonjwa wa macho) asiiguse, na mjamzito amuulize daktari kwanza.

Kuna walimu watakaokwambia kwamba huzuni yako imehifadhiwa kwenye nyonga. Kulia ukiwa umekunja nyonga hutokea, nami kumenitokea. Lakini hakuna anayeweza kukusomea historia yako kwenye msuli, na mwalimu wa yoga hajasomea kazi ya kukufungua kidonda. Lia, kunywa maji, kisha jambo hilo lipeleke kwa mshauri.

Kuhusu ratiba: baada ya kikao kizito, nafanya mikao ya kusimama tu, nyayo zimekanyaga sakafu sawasawa, au natembea. Kujinyoosha kwa kina siku hiyo kunanichokonoa. Kabla ya kikao, dakika chache za kuzungusha mabega na shingo hunifanya nifike nikiwa na mwili, si kichwa peke yake. Kama yoga haikuvutii, au imani yako inakufanya usite, kuogelea, kucheza ngoma au kutembea kwa kuzisikiliza hatua zako kunaweza kufanya kazi hiyo hiyo. Wapo pia wataalamu wanaofuata njia ya Peter Levine ya kushughulikia kiwewe kupitia mwili kidogo kidogo, kuonja na kurudi, bila kulizamia tukio lote kwa mkupuo. Tafiti zake bado ni chache kuliko za yoga, ila hiyo kanuni ya kidogo kidogo nimeichukua moja kwa moja. Na kama una mawazo ya kujidhuru, acha habari za mkeka kwa sasa, tafuta msaada wa dharura leo hii.

Kabla ya kulipia darasa, muulize mwalimu swali moja: nikisema sitaki kuguswa, itakuwaje? Wengi bado wana mazoea ya kuja nyuma yako na kukurekebisha kiuno bila hodi. Akijibu kwamba hagusi mtu bila ruhusa, na kwamba kila mkao una njia ya kuuacha, jiandikishe. Akianza kukueleza faida za kuguswa, tafuta mwingine.